Besiboli kwa watoto wenye ulemavu mjini Goma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unajibu maswali ambayo wazazi, walimu na vijana wa kujitolea mjini Goma huuliza wanaposikia kwamba mtoto anayetembea kwa mikongojo, asiyeona, au aliyezaliwa na mtindio wa ubongo anaweza kucheza besiboli. Kila jibu linajitosheleza, na pale jambo linapogusa maswali mawili, msomaji anaelekezwa kwenye swali lenye maelezo kamili.

## Mambo ya kwanza

Besiboli ni mchezo gani, kwa mtu ambaye hajawahi kuuona?

Timu mbili hupokezana: moja hupiga, nyingine hulinda uwanja. Mrushaji humrushia mpigaji mpira mdogo, naye huupiga kwa gongo, kisha hukimbia akipita vituo vitatu vilivyowekwa kwenye pembe za mraba hadi arudi kwenye pembe ya nne alikoanzia, panapoitwa kituo cha nyumbani. Akiumaliza mzunguko huo, timu yake hupata pointi moja. Walinzi hujitahidi kuudaka mpira na kuufikisha kituoni kabla yake ili atolewe. Kwa watu wazima, umbali wa kituo hadi kituo ni mita 27.43, kwa watoto wanaozungumziwa hapa, mita 10 hadi 13 zinatosha kabisa.

Besiboli iliyorekebishwa kwa ajili ya watoto wenye ulemavu inatofautianaje na hiyo?

Kupiga, kukimbia, kudaka na kurudi nyumbani vyote vinabaki. Kinachobadilika ni kanuni. Kila mtoto hupiga katika kila zamu, kila anayekimbia hufika salama, hakuna anayetolewa, na mpigaji wa mwisho huwarudisha nyumbani wote waliobaki vituoni. Mpira hurushwa taratibu na mtu mzima, au huwekwa juu ya kigingi ili mtoto aupige ukiwa umetulia. Mtoto anayehitaji mkono wa mwenzake hupewa msaidizi (tazama sehemu ya wasaidizi). Mechi huwa ya zamu mbili au tatu, na saa moja huwa inatosha.

Tunaporekebisha kanuni yoyote tunajiuliza jambo moja tu: je, mtoto huyu atapiga mwenyewe na kukimbia mwenyewe, kwa namna yoyote ambayo mwili wake hukimbia? Kama jibu ni hapana, basi kanuni bado haijarekebishwa vya kutosha, na anayepaswa kuendelea kufikiri ni mtu mzima, si mtoto.

Mchezo huu ulianzia wapi?

Nchini Marekani. Little League, shirika la besiboli ya watoto lililoanza mwaka 1939 huko Williamsport, Pennsylvania, lilifungua mwaka 1989 kitengo kinachoitwa Challenger kwa watoto wenye ulemavu wa mwili au wa akili. Baadaye, katika mji wa Conyers, jimbo la Georgia, kocha mmoja alimwona mtoto wa miaka saba mwenye kiti cha magurudumu ambaye hakukosa hata mazoezi ya mdogo wake, akishangilia kutoka pembeni. Kocha akamwalika kucheza. Kutokana na mwaliko huo ilizaliwa Miracle League mwaka 1998, na mwaka 2000 likafunguliwa uwanja wake wa kwanza uliotandikwa raba laini na tambarare, kwa sababu kwenye uwanja wa kawaida viti vya magurudumu vilikwama na watoto wa mikongojo walikuwa katika hatari ya kuumia.

Wasioona wana historia yao. Mwaka 1964 mhandisi wa simu aliyeitwa Charles Fairbanks aliweka kifaa cha kutoa mlio ndani ya mpira, na mwaka 1976 wachezaji wakaunda chama chao cha taifa.

Kwa nini besiboli, wakati watoto wetu wote wanapenda mpira wa miguu?

Hakuna anayeombwa kuacha mpira wa miguu. Hata hivyo, katika mpira wa miguu mchezo haumsubiri mtu: mpira unapita, wenzake wanapita, na mtoto anayechukua sekunde kumi kugeuza kiti chake huishia kuwa golikipa wa heshima ambaye hakuna anayempigia. Besiboli husimama baada ya kila tendo. Mtoto mmoja anasogea mbele, jina lake linatajwa, uwanja wote unamsubiri, na wakati ule ni wake peke yake hadi apige. Mtoto ambaye misuli yake hukakamaa anapoharakishwa anapata nafasi ya kupumua, kulishika vizuri gongo lake na kupiga anapokuwa tayari. Kwa maoni yetu hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote, na ndiyo maana mtu mzima anayepiga kelele za «haraka, haraka» huharibu mchezo wote.

Mtoto anaweza kuanza akiwa na umri gani?

Challenger hupokea watoto kuanzia miaka 4. Tunaona miaka 5 au 6 ni wakati mzuri wa kuanza na kigingi. Wakubwa hawana mpaka mkali, ila kijana wa miaka 15 asichanganywe na watoto wadogo. Ana nguvu nyingine na haya nyingine.

Kwa nini pointi hazihesabiwi? Je, huku si kuwadanganya watoto?

Swali hili huulizwa sana na akina baba, nalo ni la haki. Kwa mtoto anayeanza, kazi iliyo mbele yake tayari ni kubwa: kuusubiri mpira, kuupiga, kuachia gongo, kukumbuka upande wa kukimbilia. Tukimwongezea hofu ya kuiangusha timu, watoto wengi huacha kujaribu. Kwa hiyo katika miezi ya mwanzo timu zote mbili humaliza kwa kupeana mikono bila mshindi.

Hata hivyo, watoto huhesabu wenyewe kimya kimya, na anayefikia kuuliza «tumeshinda?» ameshakomaa kimchezo, anastahili jibu la kweli. Mtoto wa namna hiyo apewe mchezo wenye ushindani unaolingana na mwili wake: besiboli ya wasioona, softiboli (mchezo unaofanana na besiboli, wa mpira mkubwa zaidi) ya viti vya magurudumu, au mchezo wa wachezaji watano unaoelezwa katika swali la kukosa magongo. Kumnyima mtoto mwenye ulemavu nafasi ya kushindwa kihalali, wakati yeye mwenyewe anaiomba, nako ni kumdharau.

## Wasaidizi

Msaidizi hufanya kazi gani hasa?

Msaidizi hukaa na mtoto mmoja mechi nzima. Humkinga na mpira unaokuja kwa kasi, humkumbusha zamu yake, husukuma kiti pale ambapo mtoto mwenyewe ameomba kusukumwa, na humwonyesha kituo kinachofuata. Kazi ngumu kuliko zote ni kujizuia. Kijana mwenye moyo mwema huona mtoto anahangaika na gongo, naye hulishika na kumpigia mpira; watazamaji hupiga makofi, lakini mtoto anajua vizuri kwamba hakupiga yeye.

Utaratibu tunaoufundisha ni huu: kwanza subiri, kisha uliza «Nikusaidie wapi?», kisha saidia sehemu ile tu iliyotajwa. Mtoto asiyesema anaweza kujibu kwa macho, kwa kichwa au kwa kidole. Kama mkono wake haushiki gongo kabisa, msaidizi huuweka mkono wake chini ya ule wa mtoto, si juu yake, ili mwendo uanzie kwa mtoto hata ukiwa mdogo kiasi gani.

Nani anaweza kuwa msaidizi?

Wanafunzi wa sekondari wanafaa sana, na ndugu wa mtoto pia, mradi wapate mafunzo ya siku moja uwanjani. Tunasisitiza masharti mawili: msaidizi asibaki faraghani na mtoto, hata kwa kwenda naye chooni, bila mtu mzima wa pili, na asimbebe mtoto bila mzazi kuonyesha namna salama ya kumbeba.

Mimi ndiye mama yake na ninamfahamu kuliko mtu yeyote. Kwa nini nisiwe msaidizi wake?

Mama, siku ya kwanza njoo uwe naye, umfundishe msaidizi ishara za mtoto wako. Baadaye tunakuomba ukae pembeni pamoja na wazazi wengine. Mtoto aliyezoea kutendewa kila kitu na mama yake mara nyingi hujaribu mambo mapya mbele ya mtu asiyejua kwamba «hawezi». Nawe unapata saa moja ya kukaa na watu wanaoelewa siku zako zilivyo, jambo ambalo akina mama wengi hawalipati popote.

## Uwanja na vifaa

Goma ni mawe matupu. Tutapata wapi uwanja?

Lava ya volkano ya Nyiragongo iliyofunika sehemu za mji mwaka 2002, na ile ya Mei 2021 iliyofika upande wa Buhene, imeacha ardhi ya mawe makali na changarawe nyeusi ambamo magurudumu madogo ya mbele huzama. Msitafute majani kwanza. Tafuteni sakafu ngumu. Uwanja wa saruji wa mpira wa kikapu shuleni, au ua wa kanisa uliotiwa saruji, unafaa kuliko uwanja wa mpira wa miguu. Huko Marekani wachezaji wa softiboli wanaotumia viti vya magurudumu huchezea hata kwenye maegesho ya magari kwa sababu hiyo hiyo. Sakafu ngumu ina ubaya wake mmoja: anayeanguka huchubuka, hivyo suruali ndefu na vitambaa vya kukinga magoti ni lazima, na kujirusha chini ili kufika kituoni ni marufuku.

Changarawe ikiwa ndiyo pekee iliyopo, chagueni ile iliyoshindiliwa, ifagiwe mawe makubwa, na vituo visogezwe karibu. Inayo hata faida yake: mpira wa manjano au mweupe huonekana vizuri sana juu ya ardhi nyeusi kwa mtoto mwenye uoni hafifu.

Je, kuna hatari za mahali ambazo waandaaji husahau?

Zipo mbili, nasi tunaomba zisichukuliwe kama maneno ya kutisha watu.

Ya kwanza ni mazuku. Gesi ya kaboni dioksaidi hutoka ardhini katika maeneo ya magharibi mwa mji, kuelekea Sake, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa hukusanyika mabondeni na mashimoni, hasa alfajiri wakati hakuna upepo. Mtu mzima aliyesimama anaweza asihisi kitu, huku mtoto mfupi, mtoto aliyelazwa kwenye mkeka au anayetambaa akivuta hewa ya chini kabisa. Uwanja uwe mahali palipoinuka, na wakazi wa jirani waulizwe kama wanyama wamewahi kufa pale bila sababu inayojulikana.

Ya pili ni mabaki ya silaha. Baada ya mapigano ya Januari 2025, kiwanja chochote ambacho kiliwahi kuwa kambi au mahali pa kurushiana risasi kisitumike hadi wataalamu wa kutegua mabomu wamekikagua. Watoto wafundishwe kutogusa chuma wasichokijua, na mtoto mwenye ulemavu wa akili au asiyeona arudiwe somo hilo kwa namna anayoielewa, kwa kuwa mafunzo ya jumla shuleni mara nyingi humpita.

Vifaa vya besiboli haviuzwi hapa. Tutafanyaje?

Seremala anayechonga chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, anaweza kuchonga gongo la mtoto bila shida. Mpeni vipimo: urefu wa sentimita 60 hadi 65, mpini mwembamba wenye kifundo mwishoni ili lisiteleze, na uzito ambao mtoto anaweza kuunyoosha mbele kwa mkono mmoja. Gongo zito huharibu bega na huua hamu. Kwa mtoto mwenye mshiko dhaifu, mpini unenepeshwe kwa mpira wa tyubu ya baiskeli (lakini someni kwanza jibu la mgongo wazi).

Kigingi cha mpira ni bomba la plastiki la maji lililosimamishwa kwenye ndoo ya mchanga, juu likavishwa kipande cha raba laini ili gongo lisidunde. Kiwe na urefu wa kubadilika, maana mtoto aliyekaa hupigia usawa wa kifua na aliyesimama usawa wa kiuno. Mpira wa tenisi unatosha, na hata ule ambao watoto wetu husuka kwa mifuko na matambara ni mzuri kuanzia. Mpira mgumu wa besiboli, wenye uzito wa karibu gramu 145, hauna nafasi hapa. Vituo vichorwe chini kwa rangi au chokaa. Chochote kilichoinuka kitamwangusha mtu.

Hatuna magongo kabisa. Je, tusubiri?

La. Shirikisho la dunia la besiboli na softiboli limeanzisha mchezo uitwao Baseball5, ambao kila timu ina wachezaji watano, mpira ni wa raba, na hakuna gongo wala glavu: mpigaji hupiga kwa kiganja. Vituo viko umbali wa mita 13. Umewekwa katika programu ya Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026. Kwa mtoto mwenye nguvu za mikono, hasa wa kiti cha magurudumu, ni mlango mzuri sana wa kuingilia.

Mtoto wangu anatumia baiskeli ya magurudumu matatu ya kuendesha kwa mikono. Anaruhusiwa?

Anaruhusiwa, ila baiskeli hizo ni ndefu na hazigeuki mahali finyu. Mchoreeni kituo cha duara lenye upana wa mita tatu. Akigusa ukingo wowote wa duara amefika. Kwa kupiga, asimame ubavu kwa mrushaji, breki zikiwa zimefungwa au magurudumu yamezuiwa kwa mawe.

## Kurekebisha kulingana na mtoto

Mtoto asiyeona anachezaje?

Katika besiboli ya wasioona, mpira hulia na kuna vituo viwili tu, cha kwanza na cha tatu, ambavyo navyo hutoa mlio. Mrushaji anaona, yuko upande wa mpigaji, na humpa ishara ya sauti kabla ya kurusha. Mpira ukishapigwa, kituo kimoja huanza kulia na mpigaji hukikimbilia; akikifikia kabla mlinzi hajaushika mpira, ni pointi. Wapigaji na walinzi wote hufungwa vitambaa machoni, ili mwenye uoni kidogo asimzidi asiyeona kabisa.

Hapa kwetu mpira unaweza kufungwa ndani ya mfuko wa plastiki unaochakarisha, au kutiwa kengele ndogo. Kituo kinaweza kuwa mtu anayegonga kopo kwa mfululizo, akisimama hatua mbili pembeni mwa njia ili asigongwe. Watazamaji wanyamaze mpira unapokuwa mchezoni. Kunyamaza huko ndiko kunakowashinda watu wetu, na lazima kufundishwe kama kanuni nyingine yoyote.

Na mtoto kiziwi?

Huyu hahitaji kubadilishiwa mchezo, ila mawasiliano. Kila filimbi iambatane na bendera au mkono ulioinuliwa, na kocha asiseme akiwa amempa mgongo. Kama timu nzima itajifunza ishara kumi za mchezo, mtoto hatakuwa na haja ya mkalimani wakati wa kucheza.

Mtoto mwenye mkono mmoja atadaka na kurusha vipi?

Jim Abbott, aliyezaliwa Marekani mwaka 1967 bila kiganja cha kulia, alikuwa mrushaji wa kulipwa, na tarehe 4 Septemba 1993, akiichezea New York Yankees, alimaliza mechi nzima bila timu pinzani kupata hata pigo moja halali. Mbinu yake inafundishika. Aliiegemeza glavu kwenye mkono wa kulia akirusha kwa kushoto. Mara tu mpira ulipotoka, aliuingiza mkono wa kushoto ndani ya glavu ili adake. Akishadaka, aliibana glavu kwa mkono wa kulia kifuani, akautoa mkono na mpira, akarusha tena. Mtoto aanze taratibu, kwa mpira laini, akiwa ameketi, hadi mwendo uzoeleke.

Mtoto wangu ana usonji na hapendi kelele. Je, mchezo huu utamfaa?

Mara nyingi utaratibu wa besiboli humtuliza, kwa kuwa kila kitu hufuatana kwa mpangilio ule ule. Mleteni siku moja kabla uwanja ukiwa mtupu, azunguke vituo. Mpeni mpangilio wa michoro unaoonyesha kinachofuata, na mtengeeni mahali pa kujitenga akilemewa. Makofi yanaweza kugeuzwa kuwa kupunga mikono.

## Afya na usalama

Ni magonjwa gani yanayohitaji tahadhari ya pekee?

*Selimundu.* Mtoto anywe maji kabla, katikati na baada ya mchezo, apumzike kila anapotaka, na asibaki na nguo zilizolowa. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya jioni huweza kuchochea maumivu. Homa, maumivu ya kifua au kupumua kwa shida ni sababu ya kwenda hospitali papo hapo.

*Kifafa.* Mtoto avae kofia ngumu. Akipatwa, alazwe ubavu, asitiwe kitu mdomoni, asishikwe kwa nguvu, na muda uhesabiwe. Zikipita dakika tano, apelekwe hospitali. Watu wasimkimbie: kifafa hakiambukizi.

*Ugonjwa wa Down.* Baadhi ya watoto hawa wana viungo vilivyolegea shingoni. Daktari amchunguze kabla, na asijirushe kwa kichwa wala kupinduka. Maumivu ya shingo, mabadiliko ya mwendo au udhaifu mpya wa mikono humaanisha kusimama mara moja.

*Mgongo wazi na kichwa maji.* Wengi wenye mgongo wazi huwa na mzio wa mpira asilia, hivyo tyubu, puto na mipira ya raba viepukwe. Midomo kuvimba au kupumua kwa shida ni dharura. Kwa kuwa wengine hawahisi ngozi ya miguu na makalio, kagueni michubuko baada ya kila mchezo. Mwenye mrija wa kupunguza maji kichwani hachezi bila kofia ngumu.

*Ualbino.* Tuko karibu sana na mstari wa ikweta, na jua ni kali hata siku ya mawingu. Kofia pana, mikono mirefu, na mchezo kabla ya saa tatu na nusu asubuhi au baada ya saa kumi alasiri.

## Maswali magumu zaidi

Jirani zetu wanasema tunamwanika mtoto hadharani. Tuwajibu nini?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Kongo ilijiunga nao mwaka 2015, unasema katika kifungu cha 30 kwamba watoto wenye ulemavu wana haki ya kushiriki michezo sawa na watoto wengine. Nchi yetu ina pia sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inayolinda haki za watu wanaoishi na ulemavu. Mnaweza kuwatajia hayo. Hata hivyo, tumeona kwamba kumwalika jirani aje kusimama kwenye kituo cha pili na kudaka mipira huwa kunasaidia zaidi ya kumsomea sheria.

Je, watoto wasio na ulemavu wanaweza kucheza?

Wanaweza, wakikubali kanuni zile zile. Wachache kwa kila timu wanatosha. Wakizidi, mchezo huharakishwa bila mtu kukusudia.

Mgeni ameomba kupiga picha. Tumruhusu?

Mzazi akubali, na mtoto mwenyewe akubali, kila mmoja peke yake na kwa kila tukio. Picha isitolewe pamoja na jina kamili, shule au mtaa. Picha ya mtoto aliyeanguka, anayetokwa na mate au anayelia isipigwe kabisa kwa lengo la kuombea fedha, hata kama fedha hizo zingenunua vifaa.

Mtoto amekuja, amefika uwanjani, na amekataa kucheza. Tumlazimishe?

Hapana. Mpeni kazi iliyo karibu na mchezo: kukusanya mipira, kutaja majina ya wapigaji, kugonga kopo la kituo. Msaidizi wake abaki naye kama kawaida. Zamu yake ya kupiga ikifika, jina lake litajwe kama la wengine, asubiriwe kwa muda ule ule, na akitikisa kichwa, anayefuata aitwe bila maneno. Fanyeni hivyo kila zamu, bila kumfuta kwenye orodha.